Farasi wa Wakwe

Jamani, hili nilikuwa nimeapa kutolisema, lakini video ya siku ile imeshazunguka kwenye simu za watu kuanzia Mwanga mpaka Hedaru, na juzi hapa sokoni Same mama mmoja muuza nyanya, ambaye simjui hata kwa sura, ameniuliza, "Babu, farasi hajambo?" kwa hiyo sioni tena ninachokificha. Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana ukiangalia video utadhani mkosi ulinifuata nikiwa nimetulia kwenye kiti changu, na si kweli. Niliufuata mwenyewe, nikaupanda mgongoni.

Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga mjukuu wangu Nakijwa kabla ya harusi yake. Huyu mtoto wazazi wake walifariki kwenye ajali akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu, tukamlea mimi na bibi yake, na bibi yake naye akatangulia, tukabaki wawili. Kwa hiyo siku hiyo ya kumkabidhi kwa wakwe, mtu wa kumshika mkono na kumtoa nilikuwa mimi. Nina mdogo wangu, Eliakimu, naye ni babu yake pia, lakini Nakijwa alishaniambia mapema kabisa, "Babu, unikabidhi wewe mwenyewe. Babu Eliakimu akishika kipaza sauti ataanza na historia ya tangawizi ya kijijini kwake Mamba, wageni watalala." Nikacheka, nikamwambia, "Nani mwingine, mama? Nitakukabidhi mimi, hata kama nitatambaa." Ndivyo nilivyosema.

Sasa mchumba wake ni Mchaga wa Machame, na sisi Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. Mnajua utani ulivyo: mtani anaweza kukusema mbele za watu, akakunyang'anya sahani yako ya pilau, akaja kwenye msiba wako akaigiza ulivyokuwa unatembea, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Baba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Kimaro, alikuwa ameshaninyanyasa tangu siku ya posa (alileta ndizi akasema ni za kutufundisha Wapare kwamba kuna chakula kingine duniani zaidi ya makande), na mimi nilikuwa namtafutia siku yangu.

Na kuna jambo la pili lazima mlijue. Zamani, Nakijwa akiwa shule ya msingi, nilikuwa na punda wa kuchotea maji, na kila nilipomsugua mgongo nilipiga chafya mpaka machozi, viganja vinawasha, usiku kifua kinapiga filimbi. Nikadhani ni vumbi la Same, maana vumbi tunalo. Daktari ndiye aliyeniuliza swali moja tu: "Mzee, haya yanakupata ukiwa wapi?" Nikakaa nikafikiri, nikaona kumbe nikienda Moshi sipati, nikipanda mlimani kwa Eliakimu sipati, nikirudi kwa punda napata. Akaniambia huo ni mzio, mwili wangu unagombana na magamba madogo ya ngozi ya mnyama na jasho lake, na kwamba farasi ni ndugu wa punda, nikae mbali na wote. Nikamuuza punda, nikapona, nikasahau. Nakijwa hakusahau. Asubuhi ya sendofu alinipigia simu kutoka saluni.

"Babu, shikamoo. Nasikia wakwe wanakuja na farasi, eti bwana harusi aingie kwa madaha."

"Marahaba, mama. Waje hata na tembo."

"Babu, sikiliza. Usimsogelee. Nimekuwekea vidonge vya mzio kwenye mfuko wa koti, kunywa kimoja kabla hujatoka nyumbani."

"Nimesikia."

Nilisikia kweli. Lakini vile vidonge (nilishawahi kuvitumia enzi za punda) vinaleta usingizi, na mimi nilikuwa nimekariri maneno yangu ya kumkabidhi kwa wiki nzima mbele ya kioo, sikutaka nisimame pale nikipiga miayo. Nikaviacha mfukoni. Nikajiambia farasi atakuwa nje, mimi nitakuwa ndani, tutakutana wapi?

Tulikutana getini. Wakwe walifika mchana kweupe, wakamteremsha farasi kwenye lori, mweupe, amesukwa nywele za shingoni kama yeye ndiye anayeolewa, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka watu wa dukani ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Bwana harusi akaingia naye vizuri tu, akashuka. Pangeishia hapo. Lakini Mzee Kimaro akaniona nimesimama mbali, nyuma ya magari, na mbali kwenyewe nilijifanya nazungumza na simu.

"Mtani! Mbona umejificha? Hujawahi kuona farasi? Huyu ni kama punda wenu, ila huyu anakula akashiba!"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwa cheo cha machifu wao, "Mangi, nimesimama mbali nisije nikamgusa ukanitoza bei."

Wakacheka zaidi, upande wangu huu. Basi nikaona nashinda, nikasogea. Nikasema moyoni nitamgusa shingo tu, kidogo, picha ipigwe, basi. Nikamgusa. Joto, laini, jasho. Picha ikapigwa. Mzee Kimaro naye hakukubali kushindwa, akatoa ule utani wa zamani kwamba Wapare tunapenda kesi:

"Aa, kugusa hata mtoto anagusa. Mpandisheni Mpare! Lakini mshikeni vizuri, akidondoka atamshitaki farasi mpaka Mahakama ya Rufani!"

Hapo ndipo ningeweza kusema maneno matatu tu, "Mimi nina mzio," na yangeisha. Niwaambie ukweli, yalikuwa mdomoni. Lakini nilimwona yule mzee na kofia yake anavyonisubiri, nikajua nikisema hivyo atasema Mpare anaumwa ugonjwa wa woga, na watu watacheka, na hicho kicheko niliona ni kikubwa kuliko kifua changu. Mwenye farasi, mtu wa heshima zake, aliniuliza kabisa, "Mzee, huna tatizo lolote na wanyama?" Nikamwambia sina, nimefuga mimi.

Nikapandishwa. Nikazungushwa uwanja mzima, koti langu jipya la suti limekumbatia shingo ya farasi maana niliogopa kuanguka, upande wangu wanaimba, na mimi (Mungu anisamehe) nilifurahi sana.

Chafya ya kwanza ilinipata nikiwa bado juu. Niliposhuka zilikuwa zinafuatana, macho yanawasha, na nikafanya kile ambacho hata mtoto aliyeambiwa asingefanya: nikayasugua kwa mkono uleule nilioshikia shingo ya farasi. Kisha nikaingia ukumbini na koti lilelile, limejaa manyoya meupe, nikakaa kwenye meza ya mbele. Eliakimu akaninong'oneza, "Kaka, vua koti, unatoka jasho." Nikamwambia suti ya sendofu haivuliwi. Nikaagiza chai ya tangawizi, nikanywa, nikaagiza nyingine. Na vidonge viko mfukoni, kifuani hapa, nilikuwa navigusa kwa kiwiko.

Nakijwa akaanza kuingia. Muziki ukapigwa, watu wakasimama, na utaratibu ulikuwa bibi harusi aje akicheza taratibu kutoka mlangoni, mimi nimfuate katikati ya ukumbi, nimkumbatie, nimwambie maneno yangu, kisha nimpeleke kwa wakwe. Nikainuka. Lakini macho yalikuwa yameshavimba, yamebaki mistari miwili, na kwenye ile mistari nilichokiona ni kitu cheupe kinang'aa kinakuja. Nikakifuata. Nikakikumbatia kwa nguvu zangu zote, nikaanza maneno niliyoyakariri, "Mwanangu, nimekulea mikononi mwangu, nimekuogesha mwenyewe..."

"Uniogeshe wewe kama nani?"

Alikuwa shangazi wa bwana harusi. Alikuwa amevaa gauni jeupe naye (na mpaka leo nasema hakupaswa kuvaa jeupe, lakini tuyaache).

Ukumbi ulilipuka. Wachaga walipiga meza, Wapare walipiga meza, mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Babu ameanza kujichukulia na yeye! Wakwe, angalieni mabinti zenu!" Nikajaribu kusema siwaoni. Sauti haikutoka. Kifua kilikuwa kimebana kama mtu amekikalia, nikivuta hewa inaingia kidogo kwa mluzi, nikitoa haitoki. Nikashika koo, nikapiga goti moja chini. Mzee Kimaro akasimama juu ya kiti.

"Si nilisema? Kesi imeanza! Mlalamikaji amepiga magoti! Mshitakiwa farasi, simama!"

Wakacheka mpaka wengine wanafuta machozi. Nami pale chini nikaelewa kwamba naweza kufa mbele ya watu wote hawa na watanipigia makofi, na siwezi hata kuwalaumu, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa mchekeshaji wao. Na mimi ningemwona mtani ameshika koo, ningecheka. Ndio utani.

Muziki ukakatika. Nikasikia sauti ya Nakijwa kwenye kipaza sauti, alikuwa amemnyang'anya mshereheshaji.

"Babu yangu hafanyi utani! Hapumui! Nani amempeleka kwa farasi?"

Kisha nikamsikia yuko karibu, gauni linasugua sakafu, anatoa amri kama askari. "Mvueni hilo koti, litupeni nje kabisa. Maji, mumwoshe uso na mikono. Msimlaze, mkalisheni, aegemee mbele. Gari iwashwe sasa hivi, twende hospitali." Mzee Kimaro, maskini, alikuja mbio na shuka la Kimasai anifunike bega, na Nakijwa akalisukuma kwa nguvu: "Baba, hilo limetoka mgongoni kwa farasi!"

Mlangoni mwa gari alitaka kupanda na mimi. Gauni lake la sendofu lilikuwa na maji mpaka magotini, na rangi ya macho imeshuka mashavuni. Sikuweza kuongea, nikamwonyesha kwa mkono: rudi. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha tena. Wakwe walikuwa wametoka mbali, na Eliakimu alikuwa anamvuta taratibu akisema, "Mama, babu yako ana watu, twende tuwaheshimu wageni." Akarudi nyuma. Mlango ukafungwa.

Hospitali walinichoma sindano, wakanivalisha kifaa cha mvuke puani, wakanivua hata shati maana lilikuwa na manyoya, muuguzi akanisafisha kama mtoto. Pumzi iliporudi, daktari alikaa kitandani kwangu akanieleza bila kunikaripia (ningependa angenikaripia): kwamba manyoya hayabaki kwa farasi, yanakufuata kwenye nguo na mikono na nywele; kwamba chafya na macho kuwasha ndiyo hodi yenyewe, hapo ndipo mtu anaondoka na kujiosha na kumeza dawa; na kwamba kifua kikianza kubana husubiri chai ya tangawizi, unakimbilia hospitali, kwa sababu safari nyingine haitanipa muda. "Lakini wewe mzee ulikuwa unayajua haya," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Dirishani, kwa mbali, nilikuwa nasikia muziki wa ukumbini. Ulizimwa, ukakaa kimya muda mrefu sana, nikajua Eliakimu ameshika kipaza sauti mahali pangu.

Kesho yake Mzee Kimaro alikuja, kofia mkononi, akakaa kwenye benchi. "Mtani, nilidhani unaigiza." Nikamwambia, "Mangi, uliniuliza mbona nimejificha, mwenye farasi akaniuliza kama nina tatizo. Mliuliza wote. Mimi ndiye sikujibu." Akalia. Tangu siku hiyo utani wetu una breki, tukikutana tunaulizana kwanza habari za afya, kitu ambacho kwa watani ni kama matusi.

Nakijwa na mumewe walikuja kunisalimia baada ya harusi. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa shati safi, nimekaa sebuleni, na walipomaliza chai nikamwambia, "Mama, simama hapa. Nikukabidhi kama nilivyokuahidi, maneno bado ninayo." Alinitazama kwa upole, akaniwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko neno lililofuata.

"Babu, nilishakabidhiwa."

Hakusema kwa hasira. Akaenda jikoni kuosha vikombe.

Siku hizi kila ninapoalikwa, kabla sijakaa, kabla hata sijaulizwa habari za nyumbani, nasema kwa sauti, "Mimi nina mzio wa farasi na punda." Natembea na vidonge, na kabla ya kwenda kwa mtu mwenye punda nameza, hata nikisinzia nisinzie. Watu wananicheka, juzi nimesema hivyo kwenye kikao cha kanisa mchungaji akajibu, "Karibu mzee, hapa tuna kondoo tu." Wakacheka kanisa zima. Nikawaacha wacheke. Hicho ndicho kicheko nilichokiogopa siku ile pale getini, na sasa nimekisikia mara nyingi najua ukubwa wake: kinaisha kabla mtu hajamaliza kukaa.

Yale maneno bado nayajua yote. Nikinyoa asubuhi, kioo kikiwa mbele yangu, huwa yanakuja yenyewe, "Mwanangu, nimekulea mikononi mwangu," nami nayaacha yafike mpaka mwisho, kisha nanawa uso.