Sikio la Kushoto la Kusunoki Chigusa

Saa nne asubuhi inakaribia, na Kusunoki Chigusa anajaza vizibo vya masikio kwenye boksi lililo mlangoni. Ni vizibo vya sponji, rangi ya chungwa, vinavyotolewa bure. Nje, wateja wamepanga foleni hadi kona ya duka la mikate, wengine wakipiga miayo, wengine wakiwa na kopo la kahawa mkononi. Kengele ikilia, kila mmoja atakimbilia mashine yake.

Kwenye boksi pameandikwa: “Tunajali masikio yako.” Masikio hayo si ya Chigusa. Mfanyakazi wa ukumbi huu wa pachinko, kamari ya Kijapani ya mashine za gololi, karibu na stesheni moja ya Amagasaki, haruhusiwi kuvaa kizibo. Anaruhusiwa kuvijaza tu.

“Mimi ndiye mjazaji mkuu,” anasema, na kicheko chake hakina furaha. “Miaka kumi na sita nawagawia watu kinga kwa mikono yangu miwili. Mwenyewe nikiigusa, eti nimekosa adabu.”

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza swali la kwanza hakujibiwa. Alikuwa amesimama kulia kwake. Baada ya muda mama huyo wa miaka arobaini na saba aligeuka, akamwona, akamvuta mkono. “Hamia huku,” alisema. “Upande huo hamna mtu.”

Sikio la kulia ndilo alilolitoa sadaka kazini. Kila mfanyakazi wa ukumbini huchomeka sikioni kisikizi cha simu ya upepo, ili apokee maagizo: mashine imekwama, mteja anataka boksi jipya la gololi, kuna ugomvi karibu na choo. Lakini mamia ya mashine yanaimba kwa pamoja, na gololi za chuma zinamwagika bila kupumzika. Ili sauti ya msimamizi isikike, inabidi ipite kelele hiyo. Kwa hiyo kisikizi hufunguliwa mpaka mwisho, kikiwa kimegusana na nyama ya sikio, tangu asubuhi mpaka zamu iishe.

Daktari wake, Minobe, amemweleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya sikio, mahali palipojiviringa mfano wa gamba la konokono, mna vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia vinayumba, na kule kuyumba ndiko kunakopelekwa kwenye ubongo kuwa habari. Vikipigwa na kelele siku baada ya siku vinalala, kisha vinakufa. Nywele za kichwani ukizinyoa zitaota. Hivi havioti tena.

“Nilidhani nikilipoteza litanyamaza,” anasema Chigusa. “Wapi! Hilo lililokufa ndilo linalopiga kelele kuliko hili zima.”

Hilo nalo lina sababu yake. Ubongo ukikosa habari kutoka sikioni haukubali kukaa bure. Unajiongezea sauti wenyewe, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni iliyofungwa. Chigusa akilala, gololi zinaendelea kumwagika kichwani mwake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, lipi limeipata kwanza. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Mwezi uliopita baiskeli ilimpigia kengele nyuma yake, naye akaruka kwa pupa upande uleule ilikokuwa inapita. Alichubuka goti, na mwenye baiskeli akamuuliza kama ana wazimu.

Ungetegemea ukumbi uone aibu. Badala yake, wateja wawili walipolalamika kwamba wanamwita upande wa kulia na yeye hageuki, Meneja Toyomasu alimwita ofisini. Ofisi hiyo ina mlango mnene, ukifungwa unaweza kusikia saa ya ukutani. Suluhisho lake lilikuwa fupi: “Hamishia kisikizi sikio la kushoto.”

Chigusa anarudia maneno hayo polepole. “Yaani wamekula moja, sasa wanaomba la pili. Na anayatamka kama ananiambia nihamishe mkoba begani!”

Yeye alikuwa na pendekezo lake. Juu ya kila mashine kuna taa inayowaka mteja anapobonyeza kitufe. Wafanyakazi wenyewe wana ishara za mikono walizokuwa wakizitumia kabla ya simu za upepo kuletwa: kidole juu ni boksi, ngumi ni mashine imekwama. Taa na mikono vinatosha, na masikio yazibwe. Meneja alimjibu kwamba haitapendeza machoni pa wateja. Mwandishi alipomuuliza Toyomasu kuhusu hilo, alisema ukumbi unafuata taratibu zote, akarudi nyuma ya mlango wake mnene. Watu hawa wametia pamba masikioni, na pamba yao hakuna anayeikataza.

Leo Chigusa ameamua. Kabla kengele haijalia, anachukua kizibo kimoja kutoka kwenye boksi, anakiviringisha kwa vidole mpaka kinakuwa chembamba, na anakitia kwenye sikio la kushoto mbele ya foleni nzima.

Toyomasu anafika mbio. “Kusunoki-san, hicho nini?”

Anamsoma midomo. “Kizibo, Meneja.”

“Toa. Mteja akikuona atadhani humsikilizi.”

“Mteja mwenyewe kaziba yote mawili! Hebu muulize kama ananisikia mimi!”

Foleni inaangua kicheko. Bibi Ikoma, mteja wa kila siku ambaye tayari ana vizibo vyake viwili, anachomoa kimoja ili asipitwe. “Mwache dada wa watu!” anafoka. “Wiki nzima mashine yako inanila, hujaja hata kunipa pole. Leo ndiyo unajali kama nasikilizwa?”

Meneja anarudi ofisini na kufunga mlango. Jioni anatoa agizo: kufikia mwisho wa mwezi Chigusa achomeke kisikizi kushoto, au aache kazi.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili juu ya duka la dobi. Baba yake, Kusunoki Gengo, amekaa mezani akimsubiri na bakuli la supu ya miso iliyoanza kupoa. Alikuwa mfua chuma, mtu wa sauti ya kuita kutoka ng'ambo ya mto. Operesheni ya koo ilimwachia mnong'ono tu.

Hapo ndipo mwandishi alipoelewa ukali wote ule wa Chigusa. Mnong'ono hauna mvumo wa koo. Umejengwa kwa sauti nyembamba, za s na f na sh, na hizo ndizo kelele huziua kwanza. Sikio la kushoto la Chigusa limeanza kuzipoteza kidogo. Daktari Minobe amemwambia wazi: kisikizi kikihamia huko, atabaki anaona midomo ya baba yake ikicheza.

“Kesho naenda tena na kizibo changu,” anasema. “Wakinifukuza, nitakwenda kwa mkaguzi wa kazi na boksi lile la vizibo kwapani, na maandishi yake. Nataka kila mfanyakazi wa ukumbi ule avae kizibo, hata wale wanaoogopa kuniangalia sasa hivi.”

Mzee Gengo anagonga meza kwa kijiko. Chigusa anainama, anaweka sikio la kushoto karibu kabisa na mdomo wa mzee, na anafumba macho. Mwandishi hasikii kitu, ila pumzi.

“Anasemaje?”

Chigusa anajifuta uso kwa kiganja kabla ya kujibu.

“Anasema la kulia niliwapa bila kumuuliza. Hili ni lake.”