Krediti za Mume Wangu

Mume wangu aliporudi Birongo kutoka Marekani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akiwa na shahada ya pili ya mambo ya kompyuta, wageni hawakukatika nyumbani. Kompyuta yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, kwa hiyo waliuliza habari za kusoma. Mimi nilikuwa nikipitisha chai na ndizi za kuchemsha, wivu umenijaa.

Sabato moja alasiri alikuja mwalimu wa hesabu wa shule moja ya Sironga, mtu wa upande wa ziwani asiyejua Ekegusii, basi mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Alitaka kujua mtu huhesabiwaje kuwa amemaliza, ikiwa kule hakuna mtihani mmoja mkubwa wa mwisho.

"Kila somo iko na uzito yake," mume wangu akamweleza. "Inaitwa krediti. Somo moja ni krediti tatu. Ukifikisha thelathini, pamoja na ile kitabu ya utafiti, umemaliza. Ni kama majani chai pale kituo ya kununua chai. Ikishapimwa imepimwa, hakuna mtu atairudisha kwa kikapu yako."

"Na ukianguka moja?"

"Unarudia hiyo moja tu. Zingine zinakaa. Hata mimi nilihama chuo katikati, na ile mpya ikakubali masomo mbili ya kule kwa kwanza."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilisoma chuo cha ualimu miaka miwili, nikafukuzwa muhula wa mwisho kwa sababu ya mimba. Mimba ilikuwa yake. Yeye hakuulizwa neno. Alinioa, akaniongezea mtoto wa pili, akapanda ndege, nami nikabaki nikichuma chai ya mama yake. Wivu wangu haukuwa wa wanawake wa huko Marekani. Nilizionea wivu krediti, vitu visivyo na mikono wala miguu, ambavyo vilihama chuo na kupokelewa.

Nikaweka birika chini. "Baba watoto, na mimi zangu zilipimwa wapi?"

Akacheka. "Wewe ulikuwa chuo ya walimu. Huko hakuna krediti. Ukitoka, umetoka."

Mwalimu akainamia kikombe chake. Mama mkwe, ambaye Kiswahili kilikuwa kinampita, akaniuliza kwa Ekegusii tunabishania nini. Nikamweleza yote, hata yale ya kuhama chuo. Alitafuna ndizi yake akaimaliza, kisha akamwambia mwanawe kwamba watoto atabaki nao yeye, mimi nirudi nikasome.

"Lakini ataanza mwanzo kabisa," mume wangu akasema.

"Nitaanza," nikamjibu.

Nikapokelewa chuo kingine, darasa moja na wasichana walioniita mama. Nilifundishwa upya kushika chaki na kuandika ubaoni, mambo niliyoyapita kitambo, na kila somo kama hilo lilinikumbusha mume wangu, nikamchukia kidogo kabla ya chakula cha mchana.

Nilipopata cheti alichinja mbuzi. Akasimama mbele ya wageni akanisifu, na sifa zake zilikuwa za kweli.

"Mama watoto amesoma miaka mbili," akasema, "na sasa ni mwalimu."

"Minne," nikamwambia.

Alidhani nimekosea. Akawaeleza wageni tena, polepole, kwamba kozi ya ualimu ni miaka miwili.