Kisanduku cha Kutia Tiki

Namshukuru Mwenyezi Mungu, asiyechoka kutufundisha, anayezifunika aibu zetu nyingi tusizozihesabu. Kwa jina lake nasimulia moja ambayo haikufunikwa.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kutengeneza mafunzo ya mtandaoni, katika ofisi moja hapa Birmingham inayoandika maelekezo ya kazi kwa nyumba za kutunzia wazee: namna ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani, namna ya kumpa dawa. Wanafunzi wangu walikuwa waandishi wa maelekezo hayo. Hatua zilitawanyika kwenye skrini, mwandishi akaziburuta na kuzipanga, na kompyuta ikamwambia papo hapo alipokosea.

Miongoni mwao alikuwa mama mmoja Mkenya. Aliinua wagonjwa miaka mingi mpaka mgongo ukaharibika, daktari akamkataza. Uandishi ndio riziki iliyombakia, na alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Asipofaulu mtihani wa mafunzo yangu, hana kazi.

Nikamwita nyumbani kwangu, mtaa wa Saltley, pamoja na mwenzake, dada Mkongomani mwenye ajira ya kudumu. Mke wangu akawapikia chai. Nikawaambia wasome kama tulivyosoma Kurani chuoni Mombasa: mmoja asome kwa sauti, mwingine aitikie, mpaka iingie.

"Mzee, kompyuta yako ina maringo kuliko matroni," yule mama akasema. "Nimeweka breki za kiti cha magurudumu mwisho, inaniambia mgonjwa ameanguka."

"Ameanguka mara tatu, mama," mwenzake akacheka. "Umuzike tu."

Nikaenda msikitini kuswali Alasiri. Niliporudi walikuwa wamemaliza masomo, na mtihani pia, kwa mtindo uleule wa kusoma na kuitikia. Wakanionyesha alama zao wakitabasamu.

Mtihani ule huanza na kisanduku cha kutia tiki, na maneno yake niliyaandika mimi: nimejibu peke yangu. Walitia tiki bila kusita, maana kwao kusaidiana kusoma si wizi. Ningeweza kufuta majibu saa ile wakarudia. Nikaona haya kuwavunjia furaha. Nikanyamaza.

Mfumo haukunyamaza. Niliutengeneza uhifadhi kila jibu na dakika yake. Wiki iliyofuata meneja aliniita, akanionyesha majibu ya watu wawili yanayofanana hadi makosa. Nikamwambia mimi ndiye niliyewaketisha pamoja. Alinisikiliza kwa adabu.

"Sharti hili umeliandika wewe," akasema, akanigeuzia skrini.

Dada Mkongomani alipewa onyo. Mama hakuendelezwa kazini.

Baada ya miezi kadhaa nilimfuata kwake, mtaa wa Aston, kumwomba radhi. Nilimkuta mlangoni akitoka, amevaa sare ya watunzaji na mkanda mpana wa kushikiza mgongo. Alikuwa amerudi kuinua wagonjwa.

"Nimekukosea, mama."

"Nimekusamehe, mzee. Bwana anajua hukukusudia." Akafunga mlango kwa ufunguo, mkono mmoja kiunoni. "Lakini uliporudi ulijua tumejibu pamoja. Mbona hukusema?"

Tukatembea hadi kituo cha basi, hatua zake fupi fupi. Basi lilipofika alipanda akijishikilia kwa mikono miwili, wala hakugeuka.

Ewe unayesoma, Mola akupe ulimi wa kusema ukweli ungali na faida, akulindie mwili wako na riziki yako, na akukutanishe na wanaosamehe. Amina.