Siku Alizombandikia Modest

Majirani wa Flavia pale Ng'ambo, Tabora, walimcheka waziwazi. Mtu mzima, fundi cherehani, kazi yake kuokota takataka! Wacha wacheke. Mumewe, Modest, alikuwa amekwenda kibarua cha kujenga reli ya Mpanda, huko mbele ya Kaliua, akamwachia mtoto wa kunyonya, Imakulata. Hofu ya Flavia ilikuwa moja tu: baba akirudi, mtoto atamkimbia kama mgeni.

Basi kila jioni akambandikia Modest siku hiyo kwenye kitabu. Kitabu kilikuwa cha sampuli za vitambaa, alichopewa na Gangaben, mwenye duka aliyemruhusu kushona barazani kwake. Flavia alibandika unyoya, kipande cha kanga, ua la porini, halafu akachora pembeni kwa mkaa. Mtoto alipoota jino, akabandika punje ya hindi. Alipoanguka akijaribu kusimama, akapaka udongo wa pale pale. Mwanzoni alitafuta vitu vizuri tu, akikosa ananuna. Baadaye akagundua kuwa hakuna siku iliyopita bure, ni yeye tu aliyekuwa na haraka.

Imakulata alipoanza kusema, wakawa wanafanya wote wawili.

"Hii ya nani?"

"Ya baba!"

Sasa sikia balaa. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa muhogo, na kitabu akikilaza chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo. Masika yalipoanza akakivuta, lo! Mchwa walikuwa wamekula mpaka wameshiba. Flavia alikibeba hadi dukani akilia kwa sauti.

"Umewapikia ugali mwenyewe, mwanangu," Gangaben akamwambia. "Ulidhani watasusa?"

Flavia akacheka huku machozi yanamtoka. Alitaka kukitupa jalalani, lakini Imakulata akakishika, akapenyeza kidole kwenye tundu.

"Hapa kulikuwa na kuku. Alimdonoa mama."

Flavia akainama kutazama. Kweli, palikuwa na unyoya hapo. Tangu siku hiyo akabandika kwa nta ya nyuki na kukining'iniza kitabu darini, na kurasa zilizoliwa hakuzing'oa.

Modest alirudi kiangazi, amekonda, ana ndevu. Imakulata akajificha nyuma ya mama yake, akaanza kulia. Yaani kile kile alichokiogopa Flavia! Moyo ulimuuma mno. Modest, maskini, hakumlazimisha mtoto. Akachuchumaa mlangoni na mzigo wake.

Kilio kikapungua. Imakulata akachungulia.

"Wewe ndiye baba wa kitabu?"

Modest akamtazama mkewe, naye akaitikia kwa kichwa.

"Ndiye mimi, mama."

Mtoto akataka kitabu kiteremshwe. Akakaa karibu na Modest, kisha karibu zaidi, mwisho mapajani, akimwonyesha tundu moja baada ya jingine. "Hili jino langu. Hapa nilianguka. Hapa mama alikuwa anakukumbuka, akachora miguu yako." Modest alilia bila kujificha, na Flavia naye hakujizuia.

Jua lilipokaribia kuzama, Imakulata akashika kifungo cha shati la baba yake, akakivuta.

"Leo tubandike hiki."

Modest akakikata mwenyewe, akampa.