Zamu ya Jang'ombe

Umeme ukikatika ofisini kwetu mtaa wa Malindi, kiboksi cha betri kilicho chini ya meza yangu huanza kulia: tii, tii, tii, sauti nyembamba ya mtoto anayetaka kubebwa. Wenzangu huhifadhi kazi zao upesi wakazima kompyuta. Mimi hukipiga teke. Wameshanizoea, wanasema Salha na kiboksi wana kesi yao. Kesi ipo kweli, ila si baina yangu na kiboksi, na leo nakuhadithieni nyinyi kwa sababu wao nikiwaambia watanipa pole, na pole siitaki.

Mlio huo niliusikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, ukumbini kwetu Jang'ombe. Baba alikuwa karani bandarini, na siku moja alirudi na kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi, nzito kama jiwe la kusagia, iliyonuka vumbi la moto kila ilipowashwa. Mama aliitandikia kitambaa cha kufuma, kama alivyoitandikia redio. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa masultani wa kale. Unaanza na mji mmoja, wakulima wachache na askari wasiozidi vidole vya mkono. Unalima, unajenga kuta, unatuma jeshi, na ukishamaliza unabonyeza kitufe, zamu inahamia kwa maadui zako, kisha inarudi kwako.

Neno hilo, zamu, lilikuwa pia neno la nyumba yetu. Baba hakulala nyumbani kila siku. Nikiuliza, mama alinijibu, "Leo yuko zamu," macho yake kwenye ubuyu aliokuwa akiuchemsha. Nami nilijua kuwa bandarini watu hufanya kazi kwa zamu, kwa hiyo nikaona fahari. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu hulinda meli.

Mji wetu wa kwanza niliupa jina mimi. Niliandika Jang'ombe, mashine ikakikataa kile kikoma cha juu, ikabaki Jangombe. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Hata kompyuta imeshindwa na ng'ombe wetu," akasema. Basi nikawa waziri wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kuangalia nafaka na kuta, na yeye alishika jeshi. Alinikalisha pajani, harufu ya karafuu na jasho la bandari kifuani mwake, na hakuna kiti duniani nilichokipenda kuliko hicho. Siku alizokuwa zamu, sikuigusa kompyuta. Nilimngoja.

Baba alicheza kama alivyoishi, ingawa hilo sikulijua. Hakuweza kuona mji wa mwenzake akauwacha. Aliuchukua mmoja, na kabla ya watu wake kutulia alikwenda kuuchukua mwengine. Kila mji mpya ulitaka askari wa kuulinda na chakula cha kuulisha, na vyote viwili vilitoka Jangombe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa navyo. Mtu akiona ramani yetu kwa mbali angesema tumetawala dunia, rangi yetu ya kijani imetapakaa kila pembe. Mimi niliyekaa na ghala nilijua kuwa nyuma ya kijani kile hamna kitu.

"Baba, Jangombe pamebaki askari mmoja," nilimwambia.

"Jangombe ni kwetu, mwanangu. Nani atakuja kutushambulia kwetu?"

Jioni moja aliuteka mji wa pwani, mzuri, wenye bustani. Mashine ikauliza jina. Aliandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja: Mpendae. Mama alikuwa anapita na sinia. Alisimama nyuma yetu akalisoma lile jina. "Mpendae," akasema. "Haya." Akaenda zake jikoni, na baba akabonyeza kitufe cha kumaliza zamu kabla sijamaliza kuhesabu nafaka.

Tangu hapo Mpendae ilijengwa kuta mbili, msikiti na soko. Juu ya jina la Jangombe kilitokea kiuso chekundu kilichonuna. Nilimwonyesha baba. Akasema watu wa kwetu wana subira, watatulia.

Mwezi huo huo lilichukuliwa friji letu. Mama alikuwa akiuza barafu za ubuyu na ukwaju, watoto wa mtaa mzima wakigonga dirisha letu kutoka saa saba ya mchana. Baba alikuja na mwenye gari ya ng'ombe, akasema analiazimisha kwa mwenzake, kwa muda, atanunua jengine. Mama alilifuta kwa kitambaa kabla halijatoka. Alilifuta hata nyuma, pale pasipoonekana. Watoto waliendelea kugonga dirisha siku nyingi baadaye, na kila mara mama alitoka kuwaambia hakuna, kwa sauti ile ile, bila ya kuwakaripia. Mimi nilikuwa naona haya badala yake.

Kisha ikafika jioni yenyewe. Tulikuwa tumerudishiwa zamu, na katikati ya kioo yakatokea maandishi: Jangombe imeasi. Hakuja adui hata mmoja. Mji wetu wa kwanza, ule niliouanzisha mimi, ulikuwa umejitoa wenyewe katika dola letu, na rangi yake ya kijani ikageuka ya kijivu mbele ya macho yangu. Nikaanza kulia. Baba alipiga meza.

"Hawa wana nini hawa? Nimewakosea nini?"

Mama alikuwa mlangoni. "Waulize wamekula nini," akasema.

Baba alitaka jeshi lirudi kuikomboa Jangombe, na jeshi lote lilikuwa Mpendae, mwendo wa zamu nyingi. Akawa anabonyeza huku na huku, na papo hapo umeme wa mtaa ukakatika. Kiboksi cha betri kilichokuja na kompyuta kikaanza kulia, tii, tii, tii. Kilikuwa na dakika chache tu za kutupa. "Hifadhi, baba, hifadhi," nikawa namwambia, na yeye bado anatafuta njia ya kuleta askari. Kioo kikazimika. Tukabaki gizani watatu, baba akiulaumu umeme, mpaka mama alipopata kiberiti.

Kompyuta nayo ilichukuliwa baada ya hapo. Imeharibika, alisema baba, inapelekwa kwa fundi. Mama alikikunja kile kitambaa cha kufuma akakiweka kabatini.

Iddi pili baba alinichukua kwenda kupeana mkono wa Iddi nyumba moja mtaa wa Mpendae. Nilivaa gauni jipya na viatu vilivyonibana. Ukumbini niliona friji letu. Nililijua kwa ua la karatasi nililolibandika mlangoni mimi mwenyewe. Kando yake ilikuwepo kompyuta, nzima, inawaka, na mbele yake amekaa mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye masikio ya baba yangu. Jina lake Feisal. Alinikaribisha kwa adabu kabisa.

"Leo baba yuko zamu yetu," akanambia.

"Zamu ya kulinda meli?"

"Meli gani? Zamu ya kulala."

Nikafahamu yote mara moja, mtoto nilivyokuwa. Niliporudi nilimwambia mama kuwa friji letu liko Mpendae. "Najua," akasema. "Nnajua tokea siku lilipotoka. Vua viatu, vinakuumiza."

Dini imempa mume ruhusa ya kuoa zaidi ya mmoja, na imemwekea sharti la uadilifu. Sharti hilo wanaume wa mitaa yetu hulipita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Sina ugomvi na Feisal wala mama yake. Hasira yangu ni ya baba, naitamka wazi na wala haijapoa. Nina hasira kwamba aliulisha mji mmoja kwa njaa ya mwengine akauita huo utawala. Nina hasira kwamba mashine ilimfundisha somo lile kwa maandishi makubwa, mimi nikiwa pajani pake, na yeye akalaumu umeme.

Alipokuja tena kwetu, mama alimpokea, akamwandalia, akamngoja amalize kula na kunawa. Ndipo aliposema, mbele yangu, "Zamu yangu nimeisamehe, bwana. Kuanzia leo mpe umpendae."

Baba alicheka kwanza, kisha akaona kuwa hataniwi. "Zuhura, nimekukosea nini?"

Ilinichukua miaka mingi, mpaka nikawa mke wa mtu na mimi, kutambua kuwa swali lile nilishalisikia. Kabla ya hapo nilidhani mama alishindwa. Sikujua kuwa kuna kusamehe kulikokuwa uasi, na kwamba mama aliasi kwa heshima zote, sahani zimeoshwa.

Baba sasa amepooza upande mmoja. Aliwahi kuoa wa tatu Makunduchi, aliyerudi kwao zamani na kila kilicho chake. Tuliobaki tunamuuguza kwa kupokezana, na wiki iliyopita Feisal alinipigia simu. Alinisalimia vizuri, akasita, akasema, "Dada Salha, zamu yenu inaanza leo." Nusura nimwambie tulishaisamehe. Nilimuuliza mama. "Nendeni mkamchukue," akasema.

Uji aliupika mwenyewe, akauchuja, akaupoza. Chumbani hakuingia. Nilimlisha baba mimi, kijiko baada ya kijiko, yeye akiangalia dari.

"Leo niko wapi?" akauliza.

"Jang'ombe."

"Aa. Kwetu," akasema, akafumba macho.

Nilikuwa na ya kumjibu, nimeyakusanya tangu utotoni. Nikatoka na bakuli. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mlango, kasikia kila kitu. Akalipokea bakuli, akaangalia kama limekwisha.

"Hapa ni kwangu," akasema, kwa sauti ya kumfikia. "Yeye ana zamu tu."