Jina la Mwanangu Kwenye Orodha ya Timu ya Taifa

Mhariri, nifichie jina na mtaa pia, maana Waswahili wa huku Marekani wakinusa tu nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, Mtanzania, mwaka wa kumi na nne sasa niko Maryland, nafanya usafi kwenye ukumbi wa kutelezea barafu. Nina mtoto mmoja wa kiume. Wiki hii hata simu ikilia nashtuka. Naogopa, ndugu zangu.

Mwanangu anacheza hoki ya barafuni. Msicheke, hata mimi nilicheka. Alikuwa ananisubiri nimalize kazi, kocha mmoja akamwazima viatu vya kutelezea, basi, ikawa hiyo. Mwaka huu wa 1999 amechaguliwa timu ya Marekani ya vijana wasiozidi miaka kumi na saba, na karibuni wanakwenda Finland kushindana na nchi nyingine. Kanisani walimshangilia. Mimi nilipiga makofi pamoja nao.

Jumapili tulipotoka ibadani akatandaza mezani orodha za wachezaji wa timu zote, alizopewa na kocha. Akawa analinganisha mmoja mmoja: Warusi, Waswidi, Wakanada, urefu, uzito, mwaka wa kuzaliwa. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, ndivyo tunavyoishi. Akaniambia kwa furaha kwamba katika nchi zote hakuna aliyezaliwa 1983 anayemfikia kwa kimo wala kwa kilo. Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mwanangu hakuzaliwa 1983. Alizaliwa 1981. Wa 1983 ni mdogo wake.

Nilikuja huku kwa kazi za ndani, kwa familia iliyokubali nije na mtoto mmoja, yule mdogo, aliyekuwa bado ananyonya. Mkubwa abaki kwa bibi yake. Viza zikatoka. Wiki mbili kabla ya safari mdogo akashikwa na malaria, na siku ya tatu akafariki. Ningeweza kuzirudisha zile karatasi. Sikuzirudisha. Nilikwenda kumchukua mkubwa kwa bibi yake, nikapanda naye ndege kwa karatasi za marehemu. Kuwaacha wote wawili sikuweza. Nyumbani tulikuwa tunamwita Baba tu, kama wanavyoitwa watoto waliorithi jina la babu yao, kwa hiyo lile jina jipya hakujua kama ni jipya. Mwajiri wangu alipomwona alisema watoto wa Kiafrika wanakua haraka. Baadaye nikapata uraia, naye akaupata kupitia kwangu, kwa jina hilohilo.

Sasa kuna timu imelalamika kwamba baadhi ya wachezaji wamepunguziwa umri. Waandaaji wanataka kila mmoja alete, pamoja na cheti cha kuzaliwa, karatasi nyingine ya utotoni. Mwanangu akajitahidi Kiswahili, jambo ambalo hajafanya miezi mingi.

"Mama, ile kadi yangu ya kliniki unayo? Coach anaitaka Friday."

Nikamjibu nitaitafuta. Ninazo mbili, ziko ndani ya sanduku. Ya mkubwa ina jina ambalo yeye mwenyewe halijui. Ya mdogo ina jina na tarehe ileile iliyo kwenye orodha, kilo zimeandikwa mwezi kwa mwezi, halafu muuguzi amepiga mstari, na chini yake ameandika "amefariki".

Kuna dada Mkongo ninayefanya naye kazi, nilimwambia nusu ya habari. "Choma tu, mama," akasema. "Ma-papier, makaratasi, inapotea kila siku." Nilisimama jikoni na kiberiti, mkono ukakataa. Mtoto yule hakuniachia kitu kingine.

Nikinyamaza, najua kuna mtoto wa mwenzangu aliyekosa nafasi kwa ajili yetu. Wakigundua, watamvua jezi mbele ya wenzake, na uraia wetu sijui. Nikimwambia ukweli, kwa siku moja nitakuwa nimemnyang'anya timu, umri na jina, na sijui kama ataendelea kuniita mama.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimeandika. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini, Ijumaa haiko mbali: niseme kadi imepotea, au nimkalishe nimwambie? Maana nikimwambia, yule namjua, atataka twende akalione kaburi la mdogo wake. Na msalaba wake nilikataza usiandikwe kitu, kwa sababu jina nilikuwa nalihitaji safarini.