Visanduku Viwili Vilivyoitikia Namba Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Mitambo alinipa kisanduku cheusi chenye antena fupi, akaniuliza kama nakijua. Nilikijua. Nilikuwa nimerudi kutoka Afrika Kusini na stashahada ya elektroniki niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari, na miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili sidhani kama Karatu ilikuwa na mtu wa kushindana nami.

Kazi yetu ilikuwa kurusha fataki kwenye hafla za hoteli, bila nyaya ndefu. Fataki ziliunganishwa kwenye visanduku hivyo, yaani vipokezi, vilivyotawanywa uwanjani. Mrushaji alishika kidhibiti, ambacho sisi tulikiita rimoti. Watu walidhani rimoti inaviona visanduku. Haioni kitu! Inaita namba kwa redio, kisanduku chenye namba hiyo kinaitika, na taa ya namba hiyo inawaka kwenye rimoti. Namba ilipangwa kwa swichi ndogo chini ya kisanduku. Kisha namba ziligawanywa katika makundi, kila kundi na kitufe chake.

Karakana yetu ilikuwa na desturi yake. Kisanduku kikiharibika, cha akiba kilirithi namba yake, ili mpangilio wa rimoti usiguswe.

Jioni moja tulikuwa kwenye hoteli mpya, upande wa kupandia Ngorongoro. Kundi la kwanza, kikiwemo kisanduku namba nne, lilikuwa na fataki za cheche zisizo na mlio, za kupokelea wageni langoni. Kundi la pili lilikuwa kisanduku namba tisa peke yake, chenye fataki za mlipuko, kando ya uzio wa chini. Nyuma ya uzio ilipita njia ya ng'ombe, na kando ya njia kuna korongo.

Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimaasai, jirani mwenye ng'ombe hao, alikuja mwenyewe. Wengi walikuwa na mimba.

"Yeyo, usiogope," nilimwambia. "Mlipuko unasubiri mpaka wapite wote. Ni rimoti."

"Wakishaanguka korongoni, utawapandisha na hiyo rimoti?"

Wageni walipokaribia, ng'ombe nao walikuwa wameanza kupita. Nikatazama rimoti. Taa ya nne ilikuwa inapepesa, ya tisa imezima kabisa.

"Nne ni betri," alisema Msimamizi. "Tisa imezimwa, afadhali. Bonyeza kundi la kwanza."

"Bosi, betri niliweka mpya mwenyewe."

"Wewe na stashahada yako! Meneja wa hoteli ananitolea macho."

Lakini nilitaka kujua. Nilichomoa ufunguo wa rimoti, nikauweka mfukoni ili mtu asirushe, nikaenda kukizima kisanduku cha nne. Niliporudi nikawasha na kuita nne. Ikaitika, tena safari hii bila kupepesa.

"Nani huyo anaitika?" Msimamizi aliuliza, sauti imeshuka.

Nilichomoa ufunguo tena, nikashuka hadi uzioni, kwa ile tisa isiyoitika. Kisanduku kilichobandikwa karatasi ya tisa kilikuwa kimewashwa, na swichi zake zilisema nne. Kilikuwa nne ya zamani, kimerudi kutoka matengenezo, wakati mrithi wake bado anatumika. Mtu alibadilisha karatasi, akasahau swichi. Viwili vilijibu pamoja, majibu yakagongana, ndiyo maana taa ilipepesa. Kitufe cha cheche kingelipua pia fataki za mlipuko pale uzioni, ng'ombe wakiwa njiani.

Nikakizima. Wageni waliingia bila cheche, Meneja akanuna, na ng'ombe wakapita mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Yeyo alinipungia fimbo bila kujua lolote, nami sikumwambia.

Leo nimestaafu. Vijana huniletea vidhibiti ambavyo kila kisanduku kimezaliwa na namba yake kiwandani, na kioo kinaonyesha kila kimoja kipo wapi. Ni vizuri sana, na nimevisoma vyote. Hata hivyo nawaambia: zima kimoja, kisha kiite. Kikikaa kimya, endelea na kazi.